Gazeti likikosea na msomaji akichachamaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila gazeti likiandika kitu cha ajabu watu wakawaka kwenye komenti. Nimejibu kwa jinsi vyumba vya habari vinavyofanya kazi kweli, sio jinsi vinavyopenda kujisifia, na penye maoni yangu binafsi utapaona tu maana sijapaficha.

Hivi magazeti yanakosea sana kweli au watu wanakuza mambo?

Yanakosea sana, tena kuliko wahariri wenyewe wanavyodhani. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Scott Maier, alichukua habari za magazeti akawapelekea watu waliotajwa humo ndani akawauliza jamani hapa kila kitu kiko sawa? Zaidi ya nusu ya habari zikakutwa na kosa angalau moja. Mengi ni yale ya jina, cheo, umri, tarehe, hesabu, ila kuna watu wengine walilalamika kwamba maneno yao yalikuwa sahihi lakini yamewekwa mahali ambapo maana imegeuka, na hilo nadhani ndio baya zaidi kwa sababu huwezi kulirekebisha kwa kubadilisha herufi mbili. Utafiti wake wa 2007 ndio unauma zaidi: kati ya habari ambazo wahusika waliona zina makosa, chini ya asilimia 2 ndizo zilizokuja kusahihishwa. Kwahiyo gazeti ambalo halijawahi kuchapa masahihisho usilipe sifa, kuna uwezekano mkubwa kwamba halisikilizi tu.

Si kuna wahariri? Yanapitaje?

Wahariri wapo, na saa ingine wao ndio wanaoingiza kosa. Kitu ambacho wasomaji wengi hawajui ni kwamba mwandishi aliyetajwa juu ya habari kwa kawaida hakuandika kichwa cha habari, kaandika mtu mwingine dawatini ambaye anahangaika maneno yatoshee kwenye nafasi, na maelezo ya picha kaandika mwingine tena. Kwahiyo unakuta habari iko sawa kabisa lakini kichwa kinasema kitu ambacho ndani hakipo. Kabla hujamtukana mwandishi kwa sababu ya kichwa, soma kwanza habari yenyewe.

Alafu kuna haraka. Mfano unaojulikana dunia nzima ni Chicago Daily Tribune, novemba 1948, walichapa ukurasa wa mbele kwamba Dewey kamshinda Truman kwenye uchaguzi wa rais. Wachapaji walikuwa kwenye mgomo, gazeti likalazimika kwenda mtamboni mapema kuliko kawaida, matokeo hayajaingia, wakategemea makisio ya mtu wao wa siasa. Truman akashinda, akapigwa picha anacheka huku kalishika lile gazeti juu. Ukiangalia vizuri hapo hakuna mtu aliyedanganya makusudi, ni dedlaini pamoja na kujiamini kupita kiasi, na hivyo viwili ndivyo vinavyozaa makosa mengi hadi leo.

Masahihisho, ufafanuzi, kuomba radhi, kuondoa habari, si yote ni kitu kimoja?

Hapana, na magazeti yanacheza sana na huu mchanganyiko. Masahihisho maana yake tuliandika kitu kisicho kweli, ukweli ni huu. Ufafanuzi maana yake tulichoandika sio uongo ila kinaweza kumpotosha msomaji, kwahiyo tunaongeza maelezo. Kuomba radhi ni pale kosa limemuumiza mtu. Kuondoa habari nzima ni hatua ya mwisho, yaani msingi wenyewe wa habari umeanguka.

Mchezo upo hapa: gazeti likikosea waziwazi linaandika "ufafanuzi", kwa sababu neno hilo linasikika kama vile msomaji ndiye hakuelewa. Ukiona ufafanuzi ambao ukiusoma mara mbili unagundua habari ya jana ilikuwa uongo mtupu, hayo ni masahihisho yaliyovalishwa nguo nyingine. Na ile ya "tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza" bila kusema ni kosa gani, hiyo hata sijui niiweke kundi gani.

Mbona kosa linakaa ukurasa wa mbele na masahihisho yanakaa kona ya ndani kadogo kama tangazo la kupotelewa na cheti?

Hili ndilo lalamiko la haki kuliko yote. Jibu la magazeti ni kwamba yana sehemu maalum ya masahihisho ili msomaji ajue pa kuangalia, na hoja hiyo ina ukweli ndani yake, New York Times walianza kuyaweka mahali pamoja pa kudumu mwaka 1972 na kabla ya hapo yalikuwa yanatupwa popote penye nafasi. Lakini mahali pa kudumu pasiwe maficho. Kanuni za wahariri Uingereza, zile zinazosimamiwa na IPSO, chombo cha kusimamia magazeti huko, zinataka kosa kubwa lisahihishwe haraka na kwa uzito unaostahili, na ugomvi mwingi unakuwa hapo kwenye "unaostahili", kila upande una rula yake.

Mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kuharibika ni gazeti la The Sun. Aprili 1989 mashabiki wa Liverpool walikufa kwa kubanana uwanja wa Hillsborough, na siku chache baadaye gazeti likaweka ukurasa wa mbele, chini ya kichwa kilichojiita ukweli, madai kwamba mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi. Ulikuwa uongo. Walikuja kuomba radhi kwa ukurasa wa mbele septemba 2012, miaka 23 baadaye, tena siku moja baada ya ripoti ya jopo huru kuwaanika. Liverpool hadi leo kuna watu wengi hawaligusi gazeti hilo. Radhi iliyocheleweshwa hivyo watu hawaihesabu kama radhi, wanaihesabu kama kukamatwa.

Onlaini wanabadilisha habari kimyakimya, inaruhusiwa?

Kuna aina mbili za mabadiliko na watu wanazichanganya. Habari inayoendelea, mfano ajali au uchaguzi, inabadilika kila nusu saa na hiyo ni kawaida, hakuna anayetegemea gazeti liweke maelezo kila likiongeza sentensi, na kosa la herufi pia wengi wanarekebisha tu maisha yanaendelea. Lakini ukibadilisha ukweli wenyewe, idadi, jina la mtuhumiwa, nani alisema nini, hapo utaratibu wa magazeti yanayojiheshimu ni kuweka maelezo chini au juu ya habari, kwamba awali tuliandika hivi, sio sahihi, ukweli ni huu, imerekebishwa tarehe fulani.

Kubadilisha kimyakimya kwangu mimi ni kosa la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza. Aliyesoma saa mbili asubuhi na aliyesoma saa sita mchana wanabishana kila mmoja akiwa na skrinshoti yake na wote wana haki. Alafu ikigundulika, kila habari nyingine ya gazeti hilo inaanza kutiliwa shaka, hata zilizo sawa.

Masahihisho yarudie lile kosa au yaseme ukweli tu?

Wahariri wanabishana. Wapo wanaosema ukirudia uongo unaueneza upya, hasa kama ulikuwa unamchafua mtu. Wengine wanasema usiporudia msomaji hajui kilichorekebishwa ni nini. Naona inategemea: kosa la tarehe litaje, kashfa dhidi ya mtu iseme kwa ufupi sana bila kuirudia neno kwa neno.

Kosa likishakuwa la zamani sana si basi tu?

Inategemea nani anashikilia akaivu, yaani hifadhi ya habari za zamani. Januari 1920 New York Times waliandika tahariri kumkejeli Robert Goddard, yule mwanasayansi wa roketi, wakisema roketi haiwezi kufanya kazi nje ya anga kwa sababu hakuna hewa ya kusukumana nayo, na kwamba jamaa hajui hata fizikia ya sekondari. Julai 17, 1969, watu wakiwa tayari njiani kwenda mwezini na Apollo 11, gazeti likachapa masahihisho kwamba linajutia kosa lile. Goddard alishafariki tangu 1945, kwahiyo yeye haikumsaidia chochote, ila inachekesha na ina heshima yake.

Lingine ninalolipenda: gazeti hilohilo mwaka 1898 mtu alikosea kuongeza namba ya toleo, kutoka 14,499 akaruka hadi 15,000, na namba ikaendelea kuzidi kwa 500 kila siku zaidi ya karne nzima mpaka mfanyakazi mmoja kijana alipokaa akapiga hesabu, wakairudisha nyuma januari mosi 2000. Ukurasa wa mbele, kila siku, na hakuna aliyeona.

Siku hizi suala la zamani limekuwa zito kwa sababu ya intaneti. Habari ya miaka kumi iliyopita kwamba fulani kakamatwa inatokea ya kwanza ukitafuta jina lake, na habari kwamba kesi ilifutwa haikuandikwa kabisa. Magazeti mengi hayakubali kufuta akaivu, na nawaelewa, lakini kuongeza maelezo juu kwamba mtu huyo aliachiwa huru hakufuti historia, kunaikamilisha. Ukiomba hivyo badala ya kuomba ifutwe, nafasi ya kusikilizwa ni kubwa zaidi.

Nimeona kosa. Naanzia wapi?

Usianzie kwenye komenti. Najua ndio panaponoga, ila komenti anasoma msimamizi wa komenti ambaye kazi yake ni kuchuja matusi, sio kuhakiki habari, kwahiyo hoja yako nzuri inakaa pale kati ya watu wawili wanaotukanana kuhusu mpira. Tafuta anwani ya mhariri au fomu ya malalamiko, ikikosekana mwandikie mwandishi mwenyewe, wengi barua pepe zao zipo chini ya habari.

Kinachofanya lalamiko lifanyiwe kazi ni kuwa jembamba. Linki au tarehe na ukurasa, sentensi yenyewe umeinakili, kilicho kweli ni nini, na ushahidi. Basi. Barua ya kurasa tatu inayoanza na kosa la idadi ikahamia kwenye historia ya upendeleo wa gazeti tangu lianzishwe inampa mhariri mlango wa kutokea, atajibu sehemu ya upendeleo kwa sentensi tamu na kosa la idadi atalipita. Kama una mambo mawili andika barua mbili.

Na usiogope kwamba ni kitu kidogo. Kwenye kashfa ya Jayson Blair wa New York Times mwaka 2003, alikuwa anatunga habari akiwa nyumbani anadai yuko safarini, na aliwahi kuelezea mashamba ya tumbaku na malisho ya ng'ombe yanayoonekana kutoka barazani kwa familia ya mwanajeshi mmoja. Hayakuwepo. Familia ilisoma, wakacheka, hawakupiga simu. Gazeti lilipokuja kuchunguza likakuta matatizo kwenye habari 36 kati ya 73 alizoandika kuanzia oktoba iliyotangulia, na kumbe kuna watu wengi tu walishaona uongo wakanyamaza wakidhani ndivyo magazeti yalivyo.

Wamenijibu "tunasimamia habari yetu". Ndio imeisha?

Haijaisha. Jibu hilo lina maana mbili, ama wamehakiki na wana ushahidi, au hawataki usumbufu. Waulize kwa upole wamehakiki nini. Kama gazeti lina mhariri wa wasomaji, yaani mtu wa kupokea na kuchunguza malalamiko yao, mpelekee yeye, huyo ndiye mtu wa kazi hiyo. Asahi Shimbun la Japani lilikuwa na kamati ya kupokea malalamiko tangu 1922, Marekani Courier-Journal la Louisville likaweka mtu wa namna hiyo 1967, na The Guardian wakamweka wa kwao 1997 kwa masharti kwamba mhariri mkuu hana mamlaka ya kumfukuza. Hapo ndio siri ilipo, maana mtetezi wa wasomaji anayeweza kufukuzwa na anayemkosoa ni pambo tu.

Bahati mbaya vyeo hivi vinakufa. Washington Post walikuwa nacho tangu 1970 wakakiondoa 2013, New York Times wakafuta cha kwao 2017 wakisema wasomaji wa mitandaoni sasa ndio walinzi. Mimi hiyo hoja hainiingii. Watu milioni wakipiga kelele sio sawa na mtu mmoja mwenye ufunguo wa chumba cha habari na ruhusa ya kuuliza maswali.

Zaidi ya hapo kuna mabaraza ya habari. La Sweden ni la tangu 1916, Tanzania lipo Baraza la Habari Tanzania lililoundwa 1995 na ni la hiari, Kenya lipo la kisheria lenye kamisheni yake ya malalamiko. Kwa kawaida mabaraza ni nafuu kuliko mahakama na yanataka uwe umeshalalamika kwa gazeti kwanza, kwahiyo tunza majibu yote waliyokuandikia.

Haki ya kujibu ni nini?

Ni nafasi ya aliyetajwa kujibu kwa maneno yake mwenyewe. Ufaransa ni sheria tangu 1881, ukitajwa kwenye gazeti la kila siku unaweza kudai jibu lako lichapwe ndani ya siku 3 tangu walipolipokea, bila malipo. Sehemu nyingine ni suala la maadili tu, gazeti likitaka. Usichanganye na masahihisho, kwa sababu hapa gazeti halikubali kwamba limekosea, linakupa tu jukwaa.

Mwandishi aliyekosea anafukuzwa?

Kwa kosa la kawaida hapana na isiwe hivyo, ukiwafukuza watu kwa makosa ya kweli wataanza kuyaficha. Kutunga ni habari nyingine. Janet Cooke wa Washington Post alipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, 1981 kwa habari ya mtoto wa miaka 8 mtumiaji wa heroini, mtoto ambaye hakuwepo, tuzo ikarudishwa na yeye akaondoka. Claas Relotius wa Der Spiegel kule Ujerumani alinaswa mwishoni mwa 2018, na aliyemnasa ni mwandishi mwenzake aliyeona vitu haviendi, huku wakubwa mwanzoni wakimuona mwenzake huyo ndio mwenye wivu. Na Der Spiegel wana idara ya uhakiki inayosifika dunia nzima!

Mbona wamefuta komenti yangu? Nilikosoa tu.

Inawezekana ulikosoa na ukatukana kwenye sentensi moja, wasimamizi hawakati nusu wanafuta yote. Inawezekana pia ulikuwa unamjibu mtu aliyefutwa, na yako ikaenda naye. Au programu ndio imekudaka kwa neno moja, siku hizi uchujaji wa kwanza mara nyingi unafanywa na mashine. Na ndio, kuna magazeti yanafuta kwa sababu hayapendi kuambiwa, hilo siwezi kulikataa. Jipime hivi: iandike upya hoja ileile, neno kwa neno kuhusu habari, bila kumtaja mwandishi ni mtu wa aina gani. Ikifutwa tena bila sababu, hapo una lalamiko halali na lipeleke kwa maandishi.

Ila elewa na upande wa pili. The Guardian walichambua komenti zao milioni 70 mwaka 2016, milioni 1.4 zilikuwa zimezuiwa, na kati ya waandishi 10 walioshambuliwa zaidi 8 walikuwa wanawake na wawili waliobaki wanaume weusi. Hapo kinachopigwa sio habari.

Kwanini mengi yamefunga komenti kabisa?

Pesa na watu. New York Times kabla ya kuleta programu ya kusaidia kuchuja mwaka 2017 walikuwa na watu 14 wanaosoma komenti kama 11,000 kwa siku, na bado waliweza kufungua komenti kwenye asilimia 10 tu ya habari. Gazeti dogo litatoa wapi watu hao? Toronto Star wakafunga desemba 2015, wakawaambia watu waende mitandao ya kijamii au waandike barua kwa mhariri. Kulikuwa na jaribio zuri Norway 2017, kitengo cha teknolojia cha NRK, shirika la utangazaji, kiliweka maswali matatu kuhusu habari yenyewe na usipoyajibu hukomenti. Yaani soma kwanza. Wazo rahisi mpaka linatia aibu.

Gazeti linaweza kushtakiwa kwa komenti ya msomaji?

Linaweza, ndio maana wanasheria wao hawalali. Tovuti ya habari ya Delfi, Estonia, iliandika kuhusu kampuni ya feri mwaka 2006, watu wakashusha komenti za matusi na vitisho kwa mmiliki, zikakaa kama wiki sita, mahakama ya huko ikaiamuru ilipe fidia ya euro 320 na mwaka 2015 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema uamuzi huo haukuvunja uhuru wa kujieleza. Mwaka mmoja baadaye mahakama hiyohiyo ikaamua kinyume kwenye kesi ya Hungary, kwa sababu komenti zile zilikuwa za kuudhi tu, hazina chuki wala vitisho. Kwahiyo mpaka upo ila umechorwa kwa penseli.

Wamesahihisha, lakini skrinshoti ya kosa bado inazunguka. Nifanyeje?

Rudi kwa gazeti uwaombe masahihisho yawekwe kila mahali walikoposti kosa, sio kwenye tovuti tu, kwa sababu wengi walioona ile posti hawajawahi kufungua habari yenyewe. Kama posti ya zamani imebaki, waombe waweke jibu chini yake lenye linki ya habari iliyorekebishwa, hiyo ni bora kuliko kuifuta maana ikifutwa watu watasema inafichwa. Na wewe tunza linki hiyohiyo, kila skrinshoti ikiibuka kwenye grupu unaiweka pale bila hotuba.